Taa za omena na darubini ya mifereji

Ukitaka kuipima darubini yenye lenzi ya difraksheni, usiridhike na mchana wa dukani. Nenda Mbita au Muhuru Bay, kando ya Ziwa Victoria, usiku usio na mwezi, wavuvi wa omena wakiwa wamewasha taa ziwani. Taa ya mbali ni nukta ya mwanga katikati ya giza, na darubini haijawahi kupata mtahini mkali kuliko huyo.

Uso wa lenzi hii umechongwa mifereji ya duara, kina chake kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Kioo cha kawaida hukusanya bluu karibu na lenzi kuliko nyekundu. Mifereji hufanya kinyume. Vikioanishwa, rangi hukutana, na chombo huwa kifupi na chepesi: lenzi ya kamera ya Nikon ya milimita 300, iliyotoka 2015, ina gramu 755 tu.

Sasa itazame taa. Ukiona ukingo wa zambarau, nguvu ya mifereji na ya kioo hazikusawazishwa vizuri. Hilo navumilia. Nisilovumilia ni ukungu au pete hafifu kuizunguka taa. Mifereji iliyochongwa kwa ngazi mbili hufikisha panapotakiwa takriban asilimia 41 ya mwanga, ngazi nne, 81, nane, 95. Hata mfereji laini kabisa usio na ngazi, uliopangwa kwa kijani cha nanomita 550, hukosesha njia karibu asilimia 15 ya bluu ya nanomita 450. Mwanga huo haupotei. Hukusanyika mahali pengine na kulifikia jicho kama ukungu.

Kwa hiyo mbunifu akikuonyesha modeli ya kompyuta iliyo safi, muulize: umefuatilia na mwanga uliokosea njia? Programu nyingi, zisipoelekezwa, huhesabu kana kwamba mwanga wote umepita njia moja. Modeli ya namna hiyo husifu chombo ambacho hakipo.

Unyevu wa ziwa nao huleta ukungu. Linganisha na darubini ya kawaida papo hapo, kisha panda nchi kavu, upande wa Thimlich Ohinga, uitazame nyota ya Sirius ikiwa juu angani mwezi wa Januari. Pete zikibaki, usinunue hata bei ikishushwa. Zikitoweka, basi kwa anayetembea kutwa akitafuta ndege au wanyama, wepesi huo una thamani ya kila shilingi.