Maneno Kwanza, Sauti Baadaye

Mwaka 1967 kampuni ya Liberty Records ilitoa tangazo katika gazeti la New Musical Express la London, ikitafuta vipaji. Vijana wawili wasiofahamiana wakajibu. Reginald Dwight, mpiga piano wa miaka 20, alieleza kuwa muziki unamjia lakini maneno hayamjii. Bernie Taupin, wa miaka 17, alikuwa akiishi mashambani Lincolnshire na alichopeleka ni mashairi. Ray Williams, aliyempokea Dwight pale Liberty, alimkabidhi bahasha ya mashairi ya yule kijana mwingine aende nayo. Dwight akaanza kuyatia muziki kabla hajamwona aliyeyaandika.

Dwight ndiye Elton John, na namna ile ya kufanya kazi hawakuiacha hata walipokuwa marafiki wa karibu. Taupin anaandika peke yake na kumaliza. Elton anaichukua karatasi, anakaa kwenye piano, anaisoma mpaka sauti ije, na mara nyingi sauti humjia ndani ya saa moja. Hawakai chumba kimoja kuvutana juu ya mstari. "Your Song", uliotoka mwaka 1970, ulipatikana hivyo: maneno yaliandikwa mezani pa kifungua kinywa, nyumbani kwa mama yake Elton, na muziki ukaja baadaye chumba cha pili.

Nimeanza na hao kwa sababu kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura anayeandika maneno ya nyimbo lakini haimbi, huambiwa kwamba ili apate nafasi lazima akeshe studio na msanii, biti ikizunguka, kila mtu akirusha neno. Njia hiyo ipo na imezaa nyimbo nzuri. Lakini si njia pekee, na kwa mtu ambaye mtaji wake ni maneno tu, mimi naona ndiyo njia yenye hatari zaidi. Wimbo ukishakolea pale ndani, nani atakumbuka nani alisema nini?

Pwani yetu ilikuwa na utaratibu wa bahasha kabla Taupin hajazaliwa. Katika taarab mshairi huandika, mtunzi wa muziki akatia sauti, mwimbaji akaimba, na mara nyingi hao ni watu watatu tofauti. Vikundi vya Unguja kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, na Culture Musical Club vimeishi kwa mgawanyo huo. Mombasa, Juma Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, malenga aliyetuachia diwani ya Malenga wa Mvita, na Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyezaliwa Lamu, aliimba tungo za Sheikh Ahmed Nabhany. Mshairi wa aina hiyo hakuhitaji kuwapo wakati wa mazoezi ili kazi yake ifike salama. Kwa nini? Kwa sababu ya mizani.

Tuchukue ubeti wa mistari mitatu, umbo ambalo taarab inalipenda sana. Huu nimeuandika kwa ajili ya safu hii:

Mlango nimeufunga, funguo nimezificha
Usiku ukija gonga, gonga mpaka kukicha
Moyo nimeshautenga, penzi hili naliacha

Kila kipande kina mizani 8. Kina cha kati ni -nga, cha mwisho ni -cha. Mtunzi wa muziki akiupokea ubeti huu anajua, kabla hajagusa ala, kwamba sauti atakayoitengenezea mstari wa kwanza itaubeba wa pili na wa tatu, na itazibeba beti zote zitakazofuata. Anajua pa kupumua, kwamba ni baada ya mizani ya nane. Hana haja ya kumpigia mshairi simu. Umbo lenyewe ni makubaliano yao.

Tusogee karibu zaidi, maana kuna mambo katika mistari hiyo ambayo mshairi wa kwenye karatasi huyasahau. La kwanza ni ile "m" ya "mlango". Katika ushairi ni mizani kamili. Katika kinywa cha mwimbaji ni sauti ya midomo iliyofumbwa, na biti ikiwa ya kasi itamezwa, mstari ubaki na mizani 7 huku ngoma ikimtangulia mwimbaji. Kwa muziki wa taratibu si tatizo, mwimbaji ataivuta. Kwa muziki wa haraka heri kuanza na silabi yenye irabu. La pili ni hiyo -cha ya mwisho. Nimeichagua kwa sababu irabu "a" inafungua mdomo, na mwisho wa mstari ndipo mwimbaji anapotaka kuivuta noti ndefu. Mpe kina cha -ki au -fu kwenye noti ya juu uone anavyobanwa koo. La tatu ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "nimezificha" inakazwa kwenye "fi". Taarab imemzoesha msikilizaji kusikia silabi ya mwisho ikivutwa, kwa sababu kina kiko hapo naye anakisubiri. Katika wimbo wa Bongo Fleva unaotaka kusikika kama mazungumzo, mkazo ukihama kila mara neno linageuka geni sikioni, na msikilizaji anahisi kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja.

Sasa mwimbaji anasema neno "nimezificha" halimkai, anataka jingine. Mshairi hapa anajua gharama ya ombi hilo. Neno jipya lazima lilete mizani 5 na liishie -cha, au vipande viwili vya chini yake navyo vibadilike. Ombi la neno moja linaweza kuwa ombi la ubeti mzima, kwa hiyo linarudi kwa mwenye fani. Ndiyo maana nasema umbo linamlinda mtunzi. Pale ambapo mistari haina kipimo, mtu yeyote aliye studio anaweza kubadili maneno matatu njiani na kesho akasema ameshiriki kutunga. Na hatakuwa mwongo.

Sisemi kila wimbo uandikwe kwa mizani 8. Msanii wa leo mara nyingi anatumiwa biti kwanza, anahumu melodi juu yake, ndipo anatafuta maneno ya kujaza. Hapo mtunzi wa maneno anafanya kazi ya kinyume: mizani anapewa na melodi. Mwombe msanii akurekodie ule mhumo kwenye simu, hata kama ni "la la la" tupu, kisha hesabu silabi za kila mstari na uziandike. Sikiliza noti ndefu ziko wapi, uweke hapo irabu zilizo wazi. Sikiliza ngoma inagonga wapi, uweke hapo silabi inayokazwa. Ukirudi na mistari inayokaa bila kusukumwa, msanii atakutafuta tena, kwa kuwa umempunguzia saa za studio ambazo yeye ndiye anayezilipia.

Ipo pia njia ya kikundi, na mfano bora ninaoujua ni wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja. Aliporekodi Bombay mwaka 1928 hakuwa peke yake. Alizungukwa na watu kama Mwalimu Shaaban, Subeti bin Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruk, na nyimbo zao nyingi zilitokana na habari za mji wao, hasa za mitaa ya Ng'ambo: kesi, dhuluma, mapenzi, mali iliyoliwa. Walikutana jioni, habari ikajadiliwa, mstari mmoja ukaja kwa huyu na mwingine kwa yule. Kilichowafanya wafaulu si kukaa pamoja tu. Walikuwa na mada moja wote, na kila mmoja alikuwa na kazi yake inayojulikana, huyu udi, yule fidla. Kijana anayetaka kuandika kwa kikundi aangalie hilo kwanza. Kikao cha watu watano ambamo hakuna anayejua wimbo unahusu nini huzaa kiitikio kizuri na beti zisizokwenda popote.

Lakini mwandishi wa maneno lazima akubali kupoteza. Mwaka 1973 Elton alitoa "Daniel". Taupin aliuandika kuhusu askari aliyerudi kutoka Vietnam akiwa amejeruhiwa, na ubeti wa mwisho ulikuwa unaeleza mambo hayo. Elton aliona wimbo ni mrefu, akaukata. Wasikilizaji wakabaki miaka mingi wakiulizana Daniel ni nani na ana masaibu gani, na wimbo ukapendwa hivyo hivyo. Najiweka mahali pa Taupin na naona jinsi inavyouma. Naona pia kwamba alifanya lililo sahihi kuuachia. Mwenye kutia sauti anasikia urefu ambao karatasi haiuonyeshi. Kinachopaswa kubaki mkononi mwa mshairi ni maana. Ubeti ukatwe, sawa. Wimbo kugeuzwa useme kinyume cha ulichokusudia ni jambo jingine, na hilo unalisema mapema, kabla ya kutoa karatasi.

Tuje kwenye karatasi yenyewe, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopotea.

Wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na muziki. Ya pili ni ya rekodi, ile inayoitwa masta. Rekodi hupewa namba ya ISRC, utunzi hupewa ISWC. Msanii anapopandisha wimbo mtandaoni kupitia msambazaji, fedha zinazomrudia ni za masta, na mtunzi wa maneno asiyeimba hana chake humo ila kwa mkataba. Riziki yake iko upande wa utunzi: mirabaha ya wimbo kupigwa redioni, ukumbini, hotelini, kurudiwa na msanii mwingine, kutumiwa kwenye filamu au tangazo. Ndiyo maana mtunzi aliyelipwa mara moja taslimu, kisha akaambiwa "tumemalizana", anapaswa kujua alichouza. Kama ameuza haki ya utunzi kwa maandishi, ameuza na mirabaha ya maisha yake yote na ya warithi wake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, na ya Kenya ya mwaka 2001, zinalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kazi ya watu wawili, hiyo miaka 50 inahesabiwa tangu afe wa mwisho wao.

Haki hiyo inazaliwa siku ile kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Kuisajili kwa taasisi ya hakimiliki, iwe COSOTA ya Tanzania Bara, COSOZA kule Zanzibar au KECOBO kule Kenya, ni kutafuta ushahidi, na ushahidi ndio unaokosekana watu wanapogombana. "Malaika" umezunguka dunia nzima kwa sauti ya Miriam Makeba na wengine wengi. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi na kujulikana kama mtunzi wake, lakini wapo wengine waliodai kuutunga, akiwemo Adam Salim. Fadhili alifariki mwaka 2001 na ubishi haujaisha. Karatasi moja yenye tarehe, majina na sahihi ingeumaliza.

Kwa hiyo usiku wimbo unapokamilika, kabla watu hawajatawanyika, andikeni: jina la wimbo, tarehe, nani ametunga maneno, nani muziki, nani ametengeneza biti, na kila mmoja ana asilimia ngapi ya utunzi. Jumla iwe 100. Kila mtu atie sahihi, kila mtu apige picha ile karatasi kwa simu yake. Mtayarishaji aliyetengeneza biti naye ni mtunzi wa muziki, asisahauliwe. Kama kuna ubishi juu ya asilimia, usiku huo ndio wakati wake, wimbo ukiwa bado hauna fedha na urafiki ukiwa bado mzima. Elton na Taupin, pamoja na umaarufu wote, walifika Mahakama Kuu mwaka 1985 kumdai Dick James, mchapishaji wao wa mwanzo. Mirabaha waliyopunjwa waliamriwa kulipwa, lakini haki za nyimbo zile za ujana hawakurudishiwa, kwa sababu walikuwa wamechelewa mno kuipinga mikataba waliyoitia sahihi.

Na mshirika unampata wapi? Si kwa kumtumia msanii mkubwa mashairi kwenye WhatsApp kila wiki. Taupin na Elton walikuwa wote si kitu. Dick James aliwaajiri wawaandikie waimbaji wengine, wakahangaika kwa muda wakiiga nyimbo zilizokuwa zikitamba, na hazikuwafikisha popote. Mambo yalibadilika pale Steve Brown, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo hiyo, alipowaambia waandike wanachokipenda wenyewe. Tafuta basi mpiga gitaa au mpiga kinanda wa rika lako ambaye naye hajulikani, mpe mashairi matatu yaliyokamilika, uone atakachorudi nacho. Hapa Dar, wasanii kama Barnaba, Linah na Mwasiti walikulia THT, chuo cha kulea wanamuziki, na chuo kama kile kina faida hiyo zaidi ya masomo: kinawakutanisha wenye maneno na wenye sauti wakiwa bado wadogo.

Ukishampata mmoja, usimfunge wala asikufunge. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Elton alifanya kazi zaidi na mwandishi mwingine, Gary Osborne. Taupin akaandika albamu ya From the Inside na Alice Cooper, iliyotoka mwaka 1978. Baadaye, akishirikiana na Martin Page, maneno yake yakaingia katika "We Built This City" wa Starship na "These Dreams" wa Heart. Lakini kabla ya nyimbo hizo, mwaka 1983, alikuwa amerudi kwa Elton kwa albamu nzima, Too Low for Zero, na utaratibu ulikuwa ule ule wa mwanzo: maneno kwanza, kwenye karatasi, yakiwa yamekamilika.