Mkono wa Kulaza Paja

Lala chali, legeza miguu, kisha tazama vidole vyako: vitaelekea nje vyenyewe. Kwa usingizi hakuna ubaya. Kwa picha ya eksirei ya mfupa wa paja, mlalo huo unaficha jambo kubwa. Shingo ya mfupa huo, ile sehemu fupi inayokiunga kichwa kilichomo ndani ya nyonga na mhimili mrefu wa paja, haikuelekea ubavuni moja kwa moja. Imeelekea mbele kidogo, kwa mtu mzima nyuzi kama 15. Mguu ukilala nje, shingo inazidi kuukabili mwale. Muwa ukiutazama kwa nchani huwezi kuujua urefu wake, na shingo ya paja nayo hutoka pichani fupi na nene, ufa mwembamba usionekane.

Mtaalamu wa mionzi anajua hilo kabla ya kugusa kitufe chochote. Anaushika mguu kwa mikono miwili na kuuzungusha taratibu kwa ndani, nyuzi 10 hadi 15 akitaka upande wa nyonga, nyuzi 5 tu akitaka katikati na upande wa goti. Anaegemeza mfuko wa mchanga kwenye unyayo ili usirudi. Picha ikitoka, jicho lake linakwenda kwenye kinundu kidogo kilicho upande wa ndani wa mfupa, chini ya shingo. Kikijitokeza sana, mguu ulikuwa umeegemea nje. Kikijificha nyuma ya mfupa, mguu ulilala sawasawa.

Naipenda kazi hii, na ninaona haisifiwi inavyostahili. Tukienda hospitali tunasifu mashine: mpya, ya kidijitali, imegharimu mamilioni. Lakini mashine haijui paja limelala vipi. Wilhelm Conrad Röntgen alipopiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, kule Würzburg mwezi Desemba 1895, kiungo chenyewe kilimrahisishia: chembamba, bapa, kinatulia popote ukiweke. Paja ni shughuli nyingine. Ufundi wa kuulaza mwili ulikua polepole mikononi mwa watu, hata Kathleen Clara Clark wa Uingereza akauandikia kitabu kizima mwaka 1939, na hadi leo wanafunzi wa mionzi wanasoma matoleo mapya ya kitabu hicho.

Paja lina ugumu wake. Kwanza kuna urefu. Hakuna mfupa mrefu kuliko huu mwilini, na kwa watu wazima wengi hautoshi kwenye kaseti, kibao kinachonasa picha, hata ile kubwa ya kawaida ya sentimita 35 kwa 43, ikiwa unataka viungo vyote viwili vionekane. Na ni lazima vionekane. Hupigwa basi picha mbili zinazopishana katikati, moja ya kushika nyonga, nyingine ya kushika goti. Kanuni hiyo si ushabiki wa vitabu. Paja lililovunjika katikati kwa kishindo cha ajali mara nyingine huwa na ufa wa pili shingoni, na macho ya watu wote yako kwenye mvunjiko ule mkubwa. Anayeridhika na picha ya katikati tu amemwachia daktari shimo njiani.

Halafu kuna unene. Mrija wa eksirei hautoi mionzi kwa usawa. Upande wa kathodi una nguvu kuliko upande wa anodi. Nyonga yenye nyama nyingi huelekezwa kathodi, goti huelekezwa anodi, na picha inatoka na weusi unaolingana toka juu hadi chini. Mgonjwa hatajua kwa nini aliambiwa alaze kichwa upande ule wa meza.

Picha ya ubavu ndiyo inayonivutia zaidi. Mgonjwa asiye na mvunjiko hulalia upande unaoumwa, goti limekunjwa, mguu usioumwa umepelekwa nyuma usiingilie. Hapo mtaalamu hupapasa goti kwa kidole gumba na cha kati, akitafuta vinundu viwili vya mfupa, cha nje na cha ndani, na kumsogeza mgonjwa kidogo kidogo mpaka kimoja kikae juu ya kingine.

Sasa mlete kijana aliyeanguka na bodaboda. Paja limevimba, mguu umefupika na kupinda nje, kwa sababu misuli inavuta kila kipande upande wake. Ndani ya paja hilo inaweza kuvuja damu lita nzima na zaidi. Yote niliyoyasema juu ya kuzungusha na kugeuza sasa ni mwiko. Gango halifunguliwi. Vipande vya mfupa vikichezeshwa vinaweza kuchana mshipa ambao ajali iliuacha. Lakini daktari bado anahitaji picha mbili zinazokatana kwa nyuzi 90, maana mfupa unaoonekana umenyooka kwa mbele huenda kwa ubavuni umepishana kabisa. Hapa ndipo ufundi unapoonekana wazi: mgonjwa anaachwa alivyo, na kila kitu kingine kinamzunguka. Kaseti inasimamishwa wima katikati ya mapaja, mrija unashushwa hadi usawa wa kitanda, mwale unapita mlalo. Kwa upande wa nyonga, mguu usioumia ndio unaonyanyuliwa na kuegemezwa, mwale ukapita chini yake.

Na sauti pia ni sehemu ya kazi. «Pole, mdogo wangu. Nitapitisha kaseti hapa, mguu wako siuinui. Tulia hivyohivyo.» Aliyeambiwa kabla ya kuguswa hakazi misuli, na asiyekaza misuli hatetemeki. Kwa mama anayesitiri mwili wake, kanga inabaki palepale; mwale hupita kwenye kitambaa, na kinachotakiwa kuondoka ni funguo, sarafu na simu. Ataulizwa pia, kwa faragha, kama ana mimba.

Picha hizi zina uzito zaidi kwetu, maana hospitali zetu nyingi hazina mashine ya kuonyesha mfupa ukitembea ndani ya chumba cha upasuaji. Mwaka 1999 daktari wa mifupa Lewis Zirkle alianzisha huko Richland, Marekani, shirika la SIGN, linalotoa vyuma vya ndani ya mfupa vinavyoweza kuwekwa bila mashine hiyo, na vimetumika sana Tanzania, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Daktari anayeviweka bila mashine hiyo anategemea picha za kawaida alizopewa kabla.

Mfupa ukiwa umesagika vipande vingi, urefu wake wa asili haupimiki tena, hivyo hupigwa picha paja la pili, lile zima. Ni picha rahisi kudharau, kwa kuwa mguu hauumwi. Lakini goti likikunjwa kidogo tu na paja kuinuka, mfupa utaonekana mfupi kuliko ulivyo, na kijana anaweza kutoka hospitalini akichechemea maisha yake yote. Mtaalamu anayeijua kazi anahakikisha paja limelala sambamba na meza, kisha anaweka rula ya chuma kando yake. Haiweki mezani, anaiinua juu ya sponji mpaka ilingane na mfupa, ili vyote viwili vikuzwe sawa pichani.