Paa Lisilokunjwa: Uhakiki wa Usanifu wa Magari ya Wazi katika Mchezo wa Kidijitali wa Automation

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mchezo wa kidijitali uitwao Automation unavyoliwasilisha gari la wazi, yaani gari ambalo paa lake huweza kukunjwa au kuondolewa. Hoja ya msingi ni kwamba mchezo huu, unaosifika kwa kumdai mchezaji maamuzi mengi ya kihandisi, unalichukulia paa kuwa suala la sura tu. Mchezaji huulizwa kuhusu injini, giaboksi na springi, lakini kuhusu paa huulizwa swali moja tu, nalo ni la kuchagua umbo. Makala yanaonesha kwamba ukimya huo una maana, na kwamba wachezaji wenyewe huujaza kwa ufundi ambao uhakiki wa fasihi ya Kiswahili unao msamiati wa kuueleza.

1.0 Utangulizi

Automation ni kazi ya kampuni ya Camshaft Software, yenye asili yake nchini New Zealand. Toleo lake la awali lilianza kuuzwa katika duka la mtandaoni la Steam mwaka 2015, na tangu hapo limekuwa likiongezewa vipengele. Mchezaji hupewa nafasi ya msanifu na mmiliki wa kiwanda cha magari kuanzia mwaka 1946 hadi 2020. Huchagua bodi, aina ya chesisi na malighafi ya bodi. Huunda injini kuanzia kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni. Kisha huamua magurudumu, breki, viti, vifaa vya usalama na ulaini wa springi. Gari likikamilika, mchezo hulipima na kulilinganisha na matarajio ya makundi mbalimbali ya wateja wa kubuni.

Miongoni mwa makundi hayo wamo wateja wanaotaka magari ya wazi. Kwa hiyo, gari hilo lina nafasi rasmi katika ulimwengu wa mchezo: lina bodi zake, wanunuzi wake na ushindani wake. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, mchezo unaposema “gari la wazi”, unasema nini hasa?

Swali hili linagusa pia istilahi zetu. Katika Kiswahili, msemo “gari la wazi” umezoeleka zaidi kutokana na sherehe za kitaifa, kiongozi wa nchi anapoingia uwanjani akiwa amesimama garini na kuwapungia wananchi mkono. Msemo huo hutaja hali: gari liko wazi. Hautaji uwezo wa gari kufunguka na kufungika. Ili kuutaja uwezo huo, yatubidi kusema “gari la paa la kukunjwa”. Tofauti kati ya hali na uwezo ndiyo nguzo ya uchambuzi unaofuata.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Makala yanaongozwa na dhana ya balagha ya taratibu iliyofafanuliwa na Ian Bogost (2007). Kwa mujibu wa dhana hiyo, mchezo wa kidijitali hushawishi kwa kanuni zake: kile unachoruhusu, unachozuia, unachokizawadia na usichokiuliza. Maneno na picha za mchezo ni sehemu ndogo tu ya ushawishi huo. Kwa mkabala huu, orodha ya maamuzi anayotakiwa kufanya mchezaji ni matini inayoweza kusomwa, sawa na mpangilio wa matukio katika riwaya. Nafasi iliyoachwa tupu katika orodha hiyo nayo husomwa, kama mhakiki wa tamthiliya anavyosoma ukimya wa mhusika jukwaani.

Yapo pingamizi mawili dhidi ya mkabala huu. La kwanza ni kwamba kila mwigo hupunguza uhalisi. Hakuna mchezo unaoweza kubeba kila kitu. Pingamizi hili ni la kweli, ila halifuti hoja. Makala hayalaumu upungufu kwa kuwa ni upungufu. Yanauliza kwa nini upungufu uko hapa na si pale. Mchezo unaomtaka mchezaji apange uwiano wa gia hauwezi kutetewa kwa kusema kwamba haupendi mambo madogomadogo. La pili ni kwamba mchezo si kazi ya fasihi. Hapa inatosha kukumbusha kwamba Aarseth (1997) alishaonesha kuwa zipo matini zinazomdai msomaji jitihada zaidi ya kufuata mistari kwa macho. Mhakiki wa Kiswahili aliyezoea kuchambua utendaji wa majigambo au vichekesho, ambamo hadhira hushiriki kuijenga kazi, hana sababu ya kuzionea shaka matini za namna hiyo.

3.0 Paa katika Historia ya Uhandisi

Ili kuuelewa uzito wa ukimya wa mchezo, hatuna budi kueleza paa hufanya kazi gani. Katika gari lenye chesisi ya ngazi, bodi huketishwa juu ya fremu inayobeba mzigo. Paa likiondolewa, fremu inabaki palepale. Katika gari ambalo bodi yenyewe ndiyo chesisi, paa ni sehemu ya sanduku linalobeba uzito wote. Sanduku la kadibodi lenye kifuniko kilichogundishwa ni gumu kusokota. Kifuniko kikikatwa, hupinda mkononi. Vivyo hivyo gari: likikatwa paa, hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuhimili msokoto. Matokeo yake husikika kwenye barabara mbovu, pale usukani na dashibodi vinapotetemeka na milango kugonga fremu zake. Mhandisi hujibu kwa kuimarisha kingo za chini za milango, nguzo za kioo cha mbele na sakafu. Kila uimarishaji huongeza uzito, na uzito hudai breki, springi na injini vifikiriwe upya.

Kipindi cha 1946 hadi 2020 ndicho hasa kipindi ambamo tatizo hili lilikua na kutafutiwa suluhisho. Nchini Marekani, Ford Skyliner iliyouzwa kati ya 1957 na 1959 ilijaribu kukunja paa zima la chuma na kulificha katika buti kwa msaada wa mota za umeme. Paa likishafichwa, nafasi ya mizigo ilibaki ndogo mno. Porsche 911 Targa, iliyooneshwa mwaka 1965, ilichukua njia ya kati: utao imara wa chuma ulibaki nyuma ya vichwa vya abiria, na kipande cha paa pekee ndicho kilichoondolewa. Volkswagen Golf ya wazi ya mwaka 1979 nayo ilikuwa na utao juu ya abiria. Mwaka 1976, Cadillac Eldorado ilitangazwa kuwa gari la mwisho la aina hiyo kutengenezwa Marekani, katika kipindi ambacho watengenezaji walihofia kanuni kali zaidi za usalama wa gari linapopinduka. Utabiri huo haukutimia. Mazda MX-5 ya 1989 ilisanifiwa tangu mwanzo iwe ya wazi, na Mercedes-Benz SLK ya 1996 ilirudisha paa la chuma linalokunjwa kwa takribani sekunde 25. Mwaka 2012, McLaren 12C Spider ilitumia kiunzi cha nyuzi za kaboni kilichokuwa imara kiasi kwamba kuondolewa kwa paa hakukuhitaji uimarishaji wa ziada.

Mifano hii inaonesha jambo moja. Historia ya gari la paa la kukunjwa ni historia ya mapatano kati ya starehe na nguvu. Kila gari lililotajwa ni jibu tofauti kwa swali lilelile.

4.0 Paa katika Taratibu za Mchezo

Katika Automation, swali hilo haliulizwi. Mchezaji hufungua orodha ya bodi zilizopangwa kwa familia, na baadhi ya familia huwa na umbo la kufungwa na umbo la wazi. Akichagua umbo la wazi, gari huwa la wazi. Hakuna ukurasa wa kuamua kama paa litakuwa la turubai au la chuma, litakunjwa kwa mkono au kwa mota, litachukua nafasi kiasi gani ya buti. Hakuna mahali pa kuongeza vyuma chini ya sakafu wala pa kunenepesha nguzo za kioo cha mbele. Mchezaji huweza kuchagua chesisi ya ngazi au bodi inayojibeba, chuma, alumini, faibaglasi au nyuzi za kaboni, lakini haoneshwi kipimo cha msokoto ambacho kingemfanya aione tofauti ya machaguo hayo mara paa linapoondoka.

Tuchukulie mchezaji anayesanifu gari la wazi la miaka ya 1960 kwa bodi inayojibeba. Katika injini, mchezo utamwadhibu akiongeza mgandamizo bila kujali kiwango cha petroli: injini itagonga. Katika springi, utamwonesha gari linavyolala kwenye kona. Anajifunza kwa kukosea, na huo ndio ualimu mkubwa wa mchezo huu. Katika paa hakosei, kwa sababu hakuna alichokisanifu. Hata kama hesabu za ndani zinalitofautisha gari la wazi na lililofungwa, tofauti hiyo humfikia kama alama iliyokwishakokotolewa. Haimjii kama tatizo la kutatuliwa kwa mikono yake.

Kwa lugha ya Bogost, mchezo unashawishi kwamba injini ni uhandisi ilhali paa ni mtindo. Hii ni tabaka ya thamani iliyofichwa ndani ya kanuni. Kinachozunguka na kuunguruma kinastahili hesabu. Kinachomkinga abiria mvua kinastahili picha. Na kwa kuwa paa la mchezo halifunguki wala kufungika, kilichosanifiwa si gari la paa la kukunjwa. Ni gari la wazi kwa maana ileile ya Kiswahili chetu cha sherehe: gari lililo katika hali moja, limesimamishwa mbele ya macho ya watu.

5.0 Viambatisho kama Sitiari

Hata hivyo, uhakiki unaoishia kwenye kanuni hauwatendei haki wachezaji. Mchezo huwapa uwezo wa kubandika viambatisho juu ya bodi: taa, vishikio vya milango, grili, vioo vya pembeni, mikanda ya mapambo. Viambatisho hivyo huweza kupanuliwa, kuzungushwa na kuwekwa popote, hata mbali na uso wa bodi. Wachezaji wameigeuza ruhusa hiyo kuwa sanaa. Kipande kilichotengenezwa kiwe pambo la bampa hulazwa nyuma ya viti na kuwa mkunjo wa turubai. Vipande vingine hupangwa ndani ya gari mpaka vikawa dashibodi, usukani na viti.

Msamiati wa fasihi unatusaidia kulieleza tendo hili kwa usahihi. Ni sitiari: kitu kinachukua nafasi ya kingine kwa msingi wa kufanana, bila kiunganishi cha kulinganisha. Kama sitiari zote, haina thamani katika hesabu. Mkunjo wa turubai uliotengenezwa kwa pambo la bampa hauwi paa mbele ya mizani ya mchezo. Mchezaji anajua hivyo, na bado anatumia saa nyingi kuutengeneza. Msemo wa wahenga kwamba uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti unaweza kutumika hapa kama lawama, lakini lawama hiyo ingekosa shabaha. Mchezaji hapambi ili kuficha. Anaonesha kwa mkono wake kwamba gari hili lina paa mahali fulani, kwamba linaweza kufungwa. Anaurudisha uwezo ambao kanuni zimeuondoa.

Ushahidi mwingine unapatikana gari linapohamishiwa katika mchezo wa BeamNG.drive, ambao huigiza gari kama mtandao wa nukta na mihimili inayoweza kupinda. Huko mchezaji hukaa nyuma ya usukani wa kazi yake na kuigongesha. Anaweza hatimaye kuona chuma kikikunjika, lakini paa alilolisawiri kwa viambatisho halitafunguka wala kufunga. Sitiari imevuka mpaka, kitendo hakikuvuka.

6.0 Mnunuzi wa Kubuni

Upande wa soko unakamilisha picha. Katika nchi za kubuni kama Gasmea, Fruinia na Hetvesia, wanunuzi wa magari ya wazi wapo kama kundi lenye matakwa yake. Mchezaji hulikuta kundi hilo na kulihudumia. Historia iliyoelezwa hapo juu inaonesha uhusiano wenye vuta nikuvute zaidi. Hofu ya sheria ilikaribia kulizima soko la Marekani mwaka 1976. MX-5 iliamsha hamu ambayo wengi waliidhani imezimika. Usanifu wenyewe ulibadilisha tamaa ya watu. Mchezo unapoitanguliza tamaa na kuufanya usanifu uifuate, unamnyima mchezaji fursa ya kuwa msanifu wa aina ya MX-5, yule anayelileta gari ndipo mnunuzi ajitambue.

7.0 Hitimisho

Makala yamejadili kwamba Automation inalisawiri gari la wazi kama hali, ilhali uhalisi wake ni uwezo. Yameonesha kwamba ukimya wa mchezo kuhusu paa unaweka mpaka kati ya uhandisi na mtindo, na kwamba wachezaji huuvuka mpaka huo kwa sitiari za viambatisho. Matokeo haya yana maana mbili kwa utafiti. Kwanza, dhana za fani, sitiari na ukimya zinaweza kuchambua mchezo wa kidijitali bila kuazima msamiati mzima kutoka nje. Pili, mtafiti wa michezo hapaswi kukomea kwenye kanuni wala kwenye ubunifu wa wachezaji. Maana hupatikana pale viwili hivyo vinaposuguana. Utafiti zaidi unaweza kuulinganisha mchezo huu na michezo mingine ya kuunda vyombo, hususani ile inayomruhusu mchezaji kutengeneza bawaba na viungo vinavyosogea. Huko huenda paa likakunjwa kweli, na msanifu akalazimika kuulipia uzito wake.