Mkataba Unasainiwa Mbali, Sisi Tunakimbia

Tarehe 4 Desemba 2025 Rais Tshisekedi na Rais Kagame walisaini mikataba ya Washington. Haikupita hata wiki mbili, M23 wakaingia Uvira na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi. Amani tuliisikia kwenye redio. Maandishi yake wengi hawajayaona mpaka leo.

Lawama ya kwanza ni ya viongozi. Azimio 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la 9 Desemba 2015, linataka vijana washirikishwe katika kutafuta amani. Kwetu kushirikishwa kumegeuka semina: picha, soda, nauli ya kurudia nyumbani. Mkataba wenyewe, tena kwa Kiswahili, nani anawapa?

Lakini wasomi nao wasijifiche. Kwenye WhatsApp ni kubishana tu nani ameshinda, nani amesaliti. Kifungu cha 214 cha Katiba yetu kinasema mkataba wa amani hauridhiwi bila sheria, maana yake lazima upite bungeni. Tena hakuna kutoa wala kubadilisha ardhi ya nchi bila kura ya maoni ya wananchi. Mlango ndio huo, basi. Mbunge wako anapiga kura kwa jina lako. Umeshamuuliza atapiga namna gani, na juu ya nini?

Kila mkataba unaokuja usomwe Mulongwe, Kalundu na Kavimvira, kipengele kwa kipengele, kwa Kiswahili chetu. Kisha mbunge apate barua yetu kabla ya siku ya kura.