Mikono ya Clara Rockmore

Theremini hupigwa bila kuguswa. Lev Termen, mwanafizikia wa Urusi, aliibuni mnamo mwaka 1920, miongo mingi kabla ya runinga na simu za leo zinazotii ishara ya mkono. Ni kasha la mbao lenye antena mbili: moja imesimama wima upande wa kulia, nyingine ni kitanzi kilicholala upande wa kushoto. Mkono wa kulia ukisogea karibu na antena yake, sauti inakuwa nyembamba zaidi. Mkono wa kushoto ukiinuka juu ya kitanzi, sauti inakuwa kubwa; ukishuka, inanyamaza.

Kuyaelewa hayo ni kazi ya dakika moja. Kuipiga ni kazi ya miaka, kwa sababu hewani hakuna uzi wala kibonye cha kumwonyesha mpigaji mahali noti ilipo. Ana sikio lake tu.

Clara Rockmore, mzaliwa wa Vilnius, alikuwa mpiga fidla hodari tangu utotoni, hadi maradhi ya mkono yalipomlazimu kuiacha. Sikio la fidla akalihamishia kwenye theremini.

Ipo filamu inayomwonyesha akipiga Le Cygne, utunzi wa Saint-Saëns, dada yake Nadia Reisenberg akiwa kwenye piano. Clara anasimama wima, ametulia tuli, maana ala hii inahisi mwili mzima na kuyumba kidogo tu kunaharibu noti. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vimegusana. Noti inapopanda hatua moja, mkono haukimbilii antena: vidole vilivyobaki vinakunjuka taratibu, kisha vinarudi. Noti ndefu anaitetemesha kwa mtikiso mdogo wa mkono, nayo inaimba kama koo la mtu.

Lakini umahiri mkubwa, kwangu mimi, uko kushoto. Theremini ikiachwa hivi hivi huburuta sauti kutoka noti hadi noti, mithili ya king'ora. Mkono wa Clara unashuka kidogo katikati ya noti mbili, unaikata sauti, unainuka tena noti mpya ikiwa tayari mahali pake. Hufanya hivyo kwa wepesi ambao jicho huukosa.

Termen alimtengenezea ala yenye oktava 5 badala ya 3. Albamu ya Clara ilitoka mwaka 1977, akiwa amevuka miaka 60. Itafute ile filamu, na ukiirudia mara ya pili, kaza macho kwenye mkono wa kushoto.