Tairi Hupimwa Usukanini

Dukani matairi yote ni mazuri. Yanang'aa, yana kashata nene, na muuzaji atalipiga moja teke uone lilivyo gumu. Teke halipimi kitu. Mjuzi hushika usukani, na njia za Biharamulo na Ngara zinatosha kuliumbua tairi lolote.

Anzia Lusahunga. Barabara ya kwenda Rusumo, kilomita 92, ndiyo inayobeba malori ya Rwanda na Burundi, na uzito wake huiachia lami mifereji miwili ya magurudumu. Tairi pana lililofungwa kwa ajili ya urembo huufuata mfereji. Usukani unakuvuta, nawe unaurudisha, mpaka Benaco mikono imechoka. Saizi aliyoiweka mtengenezaji hupita kwa utulivu zaidi, hata kama mtaani haina sifa.

Upepo ndio wenye mambo. Ukipungua mbele, usukani unakuwa mzito na gari linachelewa kujibu, kwa sababu mbavu za tairi hupinda kabla kashata haijageuka. Ukizidi, usukani unakuwa mwepesi hadi wa kutia shaka: kwenye changarawe za Rulenge gari litarukaruka na kuteleza, maana kinachogusa ardhi ni katikati ya tairi tu. Ukipungua nyuma huku gari la mchomoko limejaza abiria na magunia, mkia unayumba kwenye kona, na fundi huanza kulaumu bushi. Soma kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kisha pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ukiwa umejaza pwani, kumbuka kwamba kila mita 1,000 unazopanda huongeza takriban psi 1.5 kwenye geji, na baridi ya milima ya Ngara hupunguza karibu kiasi hichohicho kwa kila nyuzi 10. Kwa hiyo pima upya hukohuko.

Gari likivuta upande mmoja ilhali upepo uko sawa, usikimbilie alaimenti. Badilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto. Mvuto ukihama, ubovu umo ndani ya tairi; ukibaki palepale, mtafute fundi. Kuelemea kushoto kidogo tu si ugonjwa, barabara yenyewe imeinamishwa ili maji yatoke.

Umri husomwa ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtumba wenye kashata nzuri lakini mpira uliokauka hautashika lami yenye maji, na vinyufa ubavuni ni sababu tosha ya kuuacha. Kashata ikibaki milimita 1.6, tairi limekwisha, msibishane.

Liko jambo ambalo madereva wengi hawatakubaliana nami. Wakinunua matairi mawili mapya huyafunga mbele, kwa kuwa ndiko kwenye usukani. Mimi nayafunga nyuma. Mbele pakiteleza, utahisi usukani umelegea na utapunguza mwendo. Nyuma pakiteleza kwenye mteremko wa Rusumo siku ya mvua, gari hugeuka kabla mikono haijapata habari. Mapya yakae nyuma, na ya mbele yakiwa yamechakaa kiasi cha kukutisha, basi nunua manne.