Ada, Mchango na Kodi: Nani Mwenye Chama cha Wanafunzi?

Swali la kama mwanafunzi wa chuo kikuu alazimishwe kukilipia chama cha wanafunzi hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni swali la fedha tu. Wanaoafiki hutaja utetezi na huduma ambazo chama huwapa wote; wanaopinga hutaja umaskini wa wazazi na viongozi wasiotoa hesabu. Pande zote mbili zina hoja. Hata hivyo, zote huruka hatua ya kwanza ya mjadala, nayo ni lugha yenyewe. Maneno ada, mchango na kodi hutumiwa kwa kubadilishana, ilhali kila moja hubeba mapatano yake kati ya atoaye na apokeaye.

Ada ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni desturi, maana ambayo Kiswahili kingali nayo. Likihusu malipo, hudokeza kiasi kinachojulikana kwa ajili ya huduma inayojulikana: fundi ana ada yake, na mganga ana yake. Mchango hutokana na kitenzi kuchanga. Wenye haja moja huweka pamoja walicho nacho, na kila mmoja wao hubaki mwenye mali. Kodi ni jambo jingine. Hutozwa na mwenye mamlaka, haingoji ridhaa, na asiyeilipa huadhibiwa.

Mjini Lubumbashi tofauti hii hueleweka mitaani pengine kuliko vyuoni. Mkazi wa Makomeno atoaye makuta yake kwenye matanga ya jirani, au anayecheza likelemba na wenzake wa kazini, hatozwi, anachanga. Anajua fedha ni za nini, anamjua aliyezishika, na zamu yake ikifika ana haki ya kudai. Mkazi huyohuyo ampelekapo mwanawe shuleni hulipa minervali, neno lililoachwa na shule za Wabelgiji, na hapo hatarajii kuulizwa rai yake. Basi chama cha wanafunzi kikikusanyiwa fedha zake pamoja na karo, katika dirisha moja na kwa risiti moja, mwanafunzi huziona kuwa ni minervali nyingine, hata zikiitwa mchango. Jina hubaki, mapatano huondoka.

Je, dawa ni kuyafuta malipo? Historia ya vyuo vikuu vya Kongo haielekezi huko. Umoja Mkuu wa Wanafunzi wa Kongo, uliojulikana kwa kifupisho UGEC, uliundwa mwaka 1961 na kupigwa marufuku mwaka 1968; uwanja ukaachiwa JMPR, tawi la vijana la chama cha Mobutu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi walioandamana mjini Kinshasa walipigwa risasi na askari. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na Lubumbashi ikawa mojawapo ya kampasi zake. Katika utaratibu huo kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama wa chama tawala, apende asipende. Mwanafunzi alikuwa na chama pasipo kujiunga, na viongozi ambao tegemeo lao lilikuwa dola. Methali yasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hapa palikufa zaidi ya mfuko. Shambulio la usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 katika kampasi ya Lubumbashi lilitanguliwa na siku za wanafunzi kuwashuku wenzao kuwa wapelelezi, na idadi ya waliouawa imebishaniwa tangu hapo. Haiwezekani kudai kwamba chama huru kingeyazuia maafa hayo. Lakini jumuiya iliyonyimwa chombo chake yenyewe ilikosa pia baraza la kumalizia shaka zake na sauti ya kuwahesabu wafu wake.

Kwingineko Afrika Mashariki palikuwa na mambo ya namna hiyo. Chama cha wanafunzi wa Nairobi, SONU, kilipigwa marufuku mwaka 1982 na tena mwaka 1987. Huko Dar es Salaam, baada ya maandamano ya Machi 1978, DUSO ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na MUWATA, iliyofungamana na chama tawala. Awezaye kukifuta chama kwa tangazo la siku moja hafai kukabidhiwa mfuko wake pia.

Mfano wa Australia unafaa kupimwa hapa. Sheria iliyopitishwa Desemba 2005 iliwaondolea wanafunzi ulazima wa kukilipia chama, na baada yake vyama vingi vilipunguza huduma zao. Mwaka 2011 sheria nyingine iliruhusu vyuo kutoza ada ya huduma, bila kumlazimisha mlipaji kuwa mwanachama. Utengano huo wa ada na uanachama ni wa busara, kwani huheshimu dhamiri ya mtu. Upungufu wake ni kwamba mkusanyaji ni chuo, si wanafunzi.

Kwa hiyo malipo ya wote yanatetewa na hoja moja nzito: utetezi haugawanyiki. Chama kikifaulu kupunguza karo, hupungua pia kwa asiyelipa, na mzigo humwelemea mwenye moyo wa kujitolea. Ila malipo hayo yatastahili jina la mchango kwa masharti matatu. Kiwango chake kipigiwe kura na wanafunzi wenyewe, akiwamo apangaye chumba mbali na mabweni. Hesabu ya mwaka uliopita isomwe hadharani kabla ya senti moja kudaiwa tena. Na deni la chama lisimzuie yeyote kufanya mtihani. Sharti la tatu ndilo kipimo cha yote, kwa kuwa mtihani ndio haki iliyomleta mwanafunzi chuoni. Chama kinachomfungia mlango huo mtu kinayedai kumtetea hakichangishi tena. Kinatoza kodi, na mwanafunzi ana haki ya kukiuliza kimepewa mamlaka hayo na nani.